Supachaja kwenye Pijo ya Baba Mkwe

Jumapili, 25 Agosti 2024

Nimerudi kutoka misa nimemkuta mume wangu uani, boneti juu, anapima injini kwa rula. Rula ya shule! Ya mwanetu Godbless, ile yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Godbless mwenyewe sasa ana ndevu na yuko Mwanza.

Nimeuliza kulikoni. Silasi akasimama wima kama mchungaji wao anapotangaza harambee. Eti anafunga supachaja. Na kabureta inatoka, mafuta yatapulizwa na nozeli, kisasa. Supachaja ndiyo nini? Kumbe ni pampu inayozungushwa na mkanda, inaisukumia injini hewa kwa nguvu, na injini ikishiba hewa inakunywa mafuta zaidi na kukimbia zaidi. Nikamwambia injini hiyo imetuzidi umri. Akasema ndiyo maana inahitaji hewa.

Chanzo nakijua. Juni, tukienda Ipole, bodaboda ilitupita kwenye mlima. Dereva, abiria, godoro na mbuzi. Mbuzi alitutazama. Mume wangu hajapona tangu siku ile.

Lingekuwa gari jingine ningenyamaza. Lakini hii Pijo 404 si ya Silasi, ni ya Baba — Mzee Elieza, baba mkwe wangu. Macho yake yamekwisha kwa mtoto wa jicho na amekataa kupasuliwa, anasema aliyotaka kuyaona ameshayaona. Kwa gari hili alimleta mjini mkewe akiwa bibi harusi. Kwa gari hili hili tulimrudisha Mama kwao Ipole mwaka jana Oktoba, viti vya nyuma vimelazwa, jeneza juu yake. Sasa Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba tunajengea kaburi na kusimika msalaba. Baba ameshasema: atakwenda kwa Pijo au hataenda. Na Baba akisema hataenda — hataenda.

Nimemkumbusha Silasi. Akasema mpaka Oktoba gari litakuwa linaruka. Nikamwambia lisiruke, lifike tu.

Jumatano, 4 Septemba

Fundi amefika kwa treni kutoka Dar. Anaitwa Pazi. Mwembamba, mcheshi, viatu vyeupe — fundi wa magari mwenye viatu vyeupe! Silasi alimpata mtandaoni. Amekuja na supachaja ameifunga kwa kanga. Imetolewa kwenye Benzi iliyopata ajali huko kwao. Nilipoiona nilidhani ni kitu cha kusagia nyama.

Sasa balaa lenyewe. Baba alikuwa barazani. Pazi akamwamkia shikamoo, Baba akaitika, akauliza kabila gani kijana. Mzaramo, mzee. Ilikuwa kama mtu kawasha taa. Baba kanyanyuka! "Mtani wangu! Sisi tulibeba pembe miezi mitatu mpaka kwenu, nyinyi mkatupa dafu moja tugawane!" Pazi hakusubiri hata pumzi. Akamvua Baba kofia, akaivaa yeye. "Mnyamwezi hata ukimpa gari atalibeba kichwani."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu msiba sijamsikia akicheka hivyo. Nakiri nilifurahi. Kwa muda wa chai tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Jogoo wangu hayupo. Manyoya yapo. Pazi kasema mtani haombi, mtani anachukua. Silasi anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana jogoo yule alikuwa wa mgeni wake kutoka kanisani.

Nijielezee mwenyewe hapa, maana mimi Mhaya wa Muleba na jambo hili bado linanipa shida baada ya miaka yote hii ya ndoa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako, kukulaza kaburini kwa mzaha. Ukikasirika, aibu ni yako. Mimi na Pazi hatuna utani. Kwa hiyo katika nyumba hii nzima mwenye ruhusa ya kukasirika ni mimi peke yangu. Kazi nzuri nimepewa.

Jumamosi, 14 Septemba

Kabureta imetoka. Rejeta imetoka. Kila kitu kimetoka, kwa kutoka hawana mpinzani.

Leo wamegundua dainamo ya zamani haina nguvu ya kuendesha pampu ya mafuta na kile kisanduku cha umeme kinachoziamuru nozeli. Inatakiwa altaneta ya Toyota. Altaneta ya Toyota haikai palipokuwa dainamo. Kwa hiyo chuma kichomelewe. Mchomeleaji hana umeme. Umeme ukirudi mchomeleaji hayupo. Silasi anazunguka na simu akitazama video za Wazungu wenye magereji meupe kama hospitali, halafu anakuja kumweleza Pazi chini ya bati letu. Pazi anamsikiliza kwa heshima zote, kisha anafanya alivyotaka tangu mwanzo.

Nimemwambia Silasi ambane fundi, siku zinakwenda. Akaenda. Nikawasikia. Silasi: kazi mbona haiendi? Pazi: "Umekasirika, mtani?" Silasi: hapana, hapana! Wakacheka wote. Mume wangu kafanya kazi benki miaka thelathini, amewafilisi watu wazima bila kupepesa jicho, leo anaogopa kuonekana amenuna.

Kabureta siioni. Nimeuliza. Pazi kasema ameichukua, mtani akiitaka akaigomboe. Baba kagonga mkongojo kwa furaha.

Jumanne, 24 Septemba

Wamekata boneti.

Supachaja imekaa juu mno. Injini ya Pijo hii imelazwa ubavu, Pazi alidhani kuna nafasi ya kutosha juu yake. Haipo. Walijaribu kufunga boneti, ikakaa wazi kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Silasi akasema isogezwe chini. Pazi akasema chini kuna mkanda. Basi wakachora duara kwa chaki — kwa kufuata sufuria yangu ya wali! — na msumeno ukapita.

Baba alikuwa barazani anasikia. Nikaenda kukaa karibu yake, nikaogopa moyo wake. Akaniuliza wanakata nini. Pazi akapaza sauti: "Tunakutengenezea jeneza, mzee, la bati, nyinyi wabeba mizigo mbao hamstahili!" Baba akacheka. Akarudisha: wapime vizuri, asije akatokeza miguu.

Mimi nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Kwa hasira. Si kwa bati — sijui ni kwa nini hasa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo imewaka! Mtaa mzima wa Ipuli umejua. Ilinguruma, ikapiga mluzi, Silasi akanyanyua mikono miwili juu. Halafu mkanda ukachomoka, ukaruka, ukapiga feni, feni ikaingia kwenye rejeta, maji ya moto yakaviogesha viatu vyeupe.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Dhambi yangu naijua na sitaiungama.

Wifi Minza kapiga simu kutoka Ipole. Saruji ipo, kokoto zipo, mchungaji amekubali, kwaya inafanya mazoezi. Kauliza Pijo vipi. Silasi kasema inamaliziwa. Dada yake akauliza inamaliziwa ndiyo nini, ilikuwa na tatizo gani? Silasi akasema mtandao unakatika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Inakwenda.

Rejeta nyingine imepatikana, mkanda mpana zaidi, tangi limeoshwa maana kutu ilikuwa inaziba nozeli. Asubuhi Pazi kawasha — ikakaa, tulivu, kama paka. Tukapanda. Baba mbele na kofia yake (aliigomboa kwa debe la karanga), mimi nyuma na mikono yangu kwenye kiti cha mbele. Tukatoka mpaka barabara ya Sikonge. Silasi akakanyaga. Yesu! Kile chombo kikalia mluzi, mgongo wangu ukabaki nyuma, tukazipita bodaboda tatu. Silasi akapiga honi kwa kila moja. Mtu mzima, mzee wa kanisa.

Baba ameshika ukingo wa dirisha, upepo usoni. Nilimwona pembeni anatabasamu. Akasema Mama angelia, alikuwa muoga wa mwendo.

Nimekosea kuwadharau. Nimempikia Pazi ndizi. Kasema Wahaya chakula chetu ni cha wagonjwa, lakini ameramba sahani.

Jumapili, 13 Oktoba

Nafuta ya jana yote.

Baada ya ibada Silasi akaichukua tena, peke yake, kuwaonyesha wanaume wenzake. Imerudi inavutwa na trekta. Trekta ya tumbaku! Imetoboka pistoni. Pazi kaeleza: supachaja ilisukuma hewa nyingi, nozeli hazikuleta mafuta ya kutosha kulingana na hewa hiyo, moto ukawa mkali mno ndani, ukatoboa. Anaeleza vizuri kweli. Angeeleza hivyo kabla.

Pistoni ya 404 hapa Tabora? Utapata jino la tembo kwanza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo sikukuu, wote tuko nyumbani.

Chai ilikuwa mezani. Pazi kaingia, kakaa kwenye kiti cha Silasi kama kawaida yake, kachukua chapati ya Baba mkononi mwake. Baba anacheka. Pazi akasema mzee, umefiwa, gari lako limekufa, mimi mtani nitalizika na vyuma nitaondoka navyo. Silasi naye — he he he.

Ikanitoka. Nikasema kuna watu hapa wanacheka wenyewe wanaibiwa. Kabureta umeuza wewe. Umekuja na chuma cha ajali, umeua gari la mzee kipofu anayetaka kwenda kwenye kaburi la mkewe, na kila ukiulizwa unakimbilia kwenye utani. Wewe si mtani, wewe ni mwizi.



Pazi akarudisha chapati kwenye sahani, taratibu. Hakunijibu kwa mzaha. Akasema: "Shemeji, wewe si mtani wangu. Kwa hiyo nimesikia." Akakusanya spana zake, akamuaga Baba, akatoka.

Nilidhani Silasi atanifokea. Akaenda kukaa ndani ya Pijo. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo tu: "Mama, umenifukuzia mgeni."

Nilisema kweli. Kila neno. Nayaandika hapa ili kesho nisijidanganye kwamba sikusema kweli.

Alhamisi, 17 Oktoba

Bodaboda kaleta kifurushi. Gazeti, na ndani yake kabureta. Imeoshwa, inang'aa, springi mpya, hata skrubu zimefungwa kwenye kitambaa. Hakuna ujumbe.

Kwa hiyo hakuiuza. Sawa. Mwizi nilikosea. Muuaji wa gari sijakosea.

Bodaboda kasema fundi hajaondoka mjini, yuko gereji ya mwenzake kule Ng'ambo.

Baba hazungumzi. Anakaa barazani kichwa wazi. Nikimwamkia ananiitikia marahaba mama, basi. Nikimletea uji anasema aweke. Nani aweke? Mimi nipo hapa.

Jumanne, 22 Oktoba

Pistoni haijapatikana. Silasi amepiga simu mpaka Nairobi. Sasa anasema eti tungeivuta kwa kamba mpaka Ipole. Kilomita karibu mia moja! Gari kipofu, abiria kipofu, na dereva naye tukiongeza watakuwa watatu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kesho.

Jirani yetu Raymundi ametoa Noah yake, ina viti vizuri, ina ubaridi. Silasi alikwenda kumwomba Baba kwa magoti — kweli kabisa, magoti sakafuni. Baba akasema: nendeni, mniletee habari. Silasi akasema baba, ni Mama. Baba akasema nilimwahidi nitakuja kwa gari lile.

Minza kapiga, tumemweka kwenye spika. Alilia kwanza. Halafu akakasirika, na Minza akikasirika anarudi kwenye Kinyamwezi, nikapitwa na nusu. Nusu niliyoelewa ni hii: nyinyi mna mtani hapo mjini mnahangaika nini? Wewe Silasi ni mtoto, huwezi kumshika baba yako mkono ukamvuta. Mchungaji hawezi. Mtani anaweza. Mtani hata akimbeba begani kama gunia, mzee atacheka. Yuko wapi huyo fundi?

Wote wakanitazama. Hata Raymundi, ambaye hayamhusu!

Nikasema mimi nina maandazi jikoni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika ndani ya Noah, mbele, daftari kwenye paja. Injini inanguruma, Raymundi hataki kuizima, anasema itachelewa kuwaka. Ibada Ipole ni saa tano. Kwa saa ya redio tumeshachelewa.

Baba amejivalia mwenyewe alfajiri. Suti aliyoivaa kwenye harusi yetu, tai imepinda. Nikafurahi, nikasema kaamua kwenda. Kumbe alipita baraza kwa mkongojo, akapapasa, akafungua mlango wa Pijo akaketi mbele. Upande wa dereva. Mikono kwenye usukani. Mbele yake boneti yenye tundu la sufuria yangu, ndani pistoni iliyotoboka. Akasema: nipo tayari, twendeni.

Silasi kamwambia gari ni bovu, baba. Anajua. Anasema: basi litengenezeni, mimi nasubiri.

Silasi akaegemea ukuta. Mimi nikapiga simu.

"Fundi, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Godbless."

"Simjui. Namjua Mhaya mmoja aliyeniita mwizi."

"Ndiye huyo. Nilikosea, fundi. Kabureta nimeiona. Nisamehe. Njoo umtoe Baba kwenye gari, sisi hatuwezi."

"Unanitania?"

"Sikutanii."

Nikasikia nyundo za gereji nyuma yake. Akasema haya.

Amefika kwa bodaboda, viatu vyeupe vina madoa ya kutu. Hakunitazama. Nilitegemea atafungua mlango amvute. Hakufanya hivyo. Alisimama kando ya Pijo, akaweka mikono kichwani, na akaanza kulia. Kilio cha msiba! Kwa sauti, mpaka watu wakatoka majumbani. "Elieza kafa jamani! Mpagazi kafia njiani na mzigo kichwani! Mkewe kavaa vizuri anamsubiri, yeye kafia kwenye chuma chakavu! Nani atamwambia mama wa watu?" Akajitupa chini kwenye vumbi, na suruali yake ile.

Baba hakucheka. Nilimtazama sana kwenye kioo cha pembeni cha Noah. Usukani ameukamata, midomo inacheza.

Pazi anaendelea. Anamtaja Mama kwa jina, sasa. Anamweleza Baba yote ambayo sisi wenye adabu hatukuthubutu mwaka mzima: kwamba Mama hapandi tena gari lolote, kwamba hasikii mluzi wa supachaja wala honi, kwamba kafa, mzee, kafa kweli, na wewe umebaki na tai imepinda. Yule mwanamume analia machozi. Sijui ni ya utani au siyo na sidhani kama yeye anajua.

Silasi ametoka ukutani. Nilidhani anakwenda kumnyamazisha. Amechuchumaa karibu na tairi, naye analia, bila sauti, kitambaa mdomoni. Mimi ukurasa unaloa.

Minza anapiga. Sipokei.

Mlango wa Pijo umefunguka. Mguu mmoja wa Baba uko chini, unapapasa ardhi. Ametoa mkono mbele, hewani, unatafuta, na Pazi bado amelala vumbini anaomboleza, hauoni.